Babu Kumi na Tisa Ndani ya Mbao za Meli

Mbao zenyewe zilifika kwa pikapu siku ya Jumanne, na pamoja nazo wakaja mwenyekiti wa kamati ya jubilii na pasta wetu. Mwenyekiti alikaa mbele na dereva. Pasta alikaa nyuma juu ya mbao, ameshikilia kofia isipeperuke, kwa maana alikuwa na miezi minne tu kanisani kwetu na bado hakuwa amejua kwamba pasta naye ana haki ya kukaa kwenye kiti.

Karakana yangu iko kando ya barabara ya kwenda Shinyalu. Ina bati juu na mabanzi pande tatu; upande wa nne niliuacha wazi ili nimwone mapema anayekuja kuulizia kitanda chake. Nilifundishwa kazi na baba yangu, aliyetengeneza majeneza kwa ajili ya tumbo na, akipata wasaa, alichonga ndege na majani kwenye milango ya watu kwa ajili ya roho. Majeneza sikuyapenda. Nikarithi ndege na majani. Watu huniita Mama Fundi, na wapo wanaume wanaolitamka jina hilo kwa sauti ile ile wanayomwambia mtoto aliyejifunga kanga ya mama yake, "Umependeza kweli!"

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Ualimu aliuacha, lakini ukuu alikwenda nao nyumbani. Akasimama mbele yangu kama niko kwenye gwaride la asubuhi.

"Mama Fundi, unaziona hizi?"

"Naziona, mwalimu."

"Hizi si mbao. Hii ni historia."

Niliinama nikaitazama hiyo historia. Ilikuwa na misumari.

Akanieleza. Kulikuwa na meli kuukuu ya mvuke iliyokuwa imelala Kisumu miaka mingi ikiliwa na kutu. Hatimaye ikavunjwa, chuma chake kikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mpwa wa mwenyekiti, anayefanya kazi huko, akaokoa mbao sita za sitaha. Kanisa letu lilikuwa linajiandaa kwa jubilii, na kamati ilikuwa imeamua kwamba ukutani, kando ya mimbari, iwekwe picha ya kuchonga: mmisionari wa kwanza akiwasili na kinanda chake. Si sanamu ya kusimama peke yake. Walitaka ile picha inayoinuka kutoka ndani ya ubao, unapochimba pembeni na watu wakabaki wametokeza. Na ichongwe kwenye mbao za meli iliyoleta Injili kwetu.

Hapo nikauliza swali ambalo ningelimeza, ningeokoa nusu saa.

"Mwalimu, hii meli ilikuwa ikienda wapi?"

"Ziwani. Inatoka Kisumu, inakwenda Uganda, Tanganyika, inarudi Kisumu."

"Na mmisionari alitokea wapi?"

"Mombasa. Kwa treni mpaka Kisumu."

"Kisha?"

"Kisha kwa miguu mpaka hapa. Hata watoto wa Sunday school wanajua."

"Sasa kwenye meli alipanda lini?"

Pasta akaanza kukagua kucha zake. Mwenyekiti alivuta pumzi kama mtu anayerudia hesabu kwa mwanafunzi wa nyuma kabisa. "Mama Fundi, meli ilikuwa Kisumu. Mmisionari alikuwa Kisumu. Unataka nini tena?"

Sikutaka kitu. Ndoa ngapi zimefungwa kwetu kwa ushahidi mdogo kuliko huo? Akaniambia pia, akiwa mguu mmoja tayari ndani ya pikapu, kwamba nisijisumbue kuwaza sana. "Kazi yako ni mikono. Kichwa kiko kwenye kamati."

Mbao zilikuwa za msaji, nene kama vidole vinne. Juu zilikuwa za kijivu, zimekanyagwa na miguu ya watu ambao wote sasa ni marehemu, lakini nilipopitisha randa mara tatu ikatoka rangi ya asali mbichi, na karakana ikanukia mafuta na ngozi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Kisha nikaanza kuchokoa lami ngumu iliyobaki ukingoni, na kung'oa misumari. Mingi ilikuwa imekatika ndani, na kila mmoja ulikuwa umeacha doa jeusi kuuzunguka kama jicho la mtu aliyepigwa. Msaji una kitu kama mchanga ndani yake. Patasi niliyoinoa asubuhi ilikuwa kijiko kufikia saa nne. Siku ya pili nilivunja ncha ya patasi ya baba kwenye msumari uliojificha, nikatukana kwa lugha mbili, na mama mmoja aliyekuwa akipita na ndizi akanijibu, "Amina."

Niliziunganisha mbao zote sita zikawa ubao mmoja, mrefu kuliko kitanda, nikachora kwa mkaa: mmisionari mwenye mwavuli, wanaume wanne wamebeba kinanda mabegani kwa miti miwili, mto nyuma yao. Nikaunakili mchoro huo kwenye karatasi, nikaupeleka kwa kamati. Kosa la pili.

Mwenyekiti aliuinua mchoro watu wote wauone, akauliza kwa nia njema kabisa, "Nani kati yetu ana babu aliyebeba kinanda?"

Mikono kumi na tisa ikapanda.

Sijatia chumvi. Nilihesabu, kwa sababu mimi ndiye ningewachonga. Mzigo wa watu wanne ulikuwa na wapagazi kumi na tisa, na kila mmoja alikuwa ameshika mbele. Kinanda hicho kingetoka Kisumu kikitembea kama jongoo. Nilidhani aibu itawapunguza. Wapi! Katibu aliandika majina yote kumi na tisa, na kamati ikapitisha kwamba wote waingie, "pasipo ubaguzi."

Wiki mbili zilizofuata, karakana yangu ilikuwa na wageni wengi kuliko zahanati. Mmoja alikuja na ingokho, jogoo mkubwa amefungwa miguu, akamweka juu ya meza yangu na kusema kwa upole kwamba babu yake alikuwa mrefu. Mwingine aliniletea picha yake mwenyewe ya kitambulisho. "Tunafanana," alisema. Familia moja ilikuwa na picha moja tu ya mzee wao, nayo ilipigwa akiwa ndani ya jeneza, kwa hiyo macho ningeyakisia. Mwenyekiti mwenyewe alikuja mwisho, kama inavyofaa cheo. Babu yake ndiye aliyekuwa kiongozi wa wapagazi. Awe mbele. Avae kofia ya kizungu, aliyozawadiwa na mmisionari kwa mkono wake.

"Kofia ionekane vizuri," akasema. "Hiyo ndiyo historia ya ukoo wetu."

Jogoo tulimla kwa obusuma, ugali wetu wa huku. Mume wangu, ambaye huongoza wageni kwenye msitu kule Isecheno na amezoea kuwaonyesha watu nyani wasiokuwepo, alisema huku akifyonza mfupa kwamba babu yule kweli alikuwa mrefu, hata paja lake limeonyesha.

Tatizo lilikuwa kinanda chenyewe. Hakuna aliyejua kilifanana vipi. Mchwa walikuwa wamekimaliza zamani. Mwenyekiti akaniagiza kwa Kukhu mmoja, bibi mkongwe kuliko wote kanisani, ambaye akiwa msichana alikuwa akifagia kanisa na kukifuta kinanda vumbi. "Muulize umbo tu," alinionya. "Mambo mengine anachanganya."

Kukhu alikaa ng'ambo ya Shinyalu, mwisho wa njia ya miguu ipitayo kati ya mahindi na kashamba ka majani chai. Nilimkuta kwenye kibaraza akichambua maharagwe kwa vidole, maana macho yalikuwa yameshamwacha nusu.

"Mulembe, Kukhu."

"Mulembe. Wewe wa nani?"

Nikamtajia baba yangu.

"Yule wa majeneza? Alimzika mzee wangu kwa jeneza fupi."

"Pole sana, Kukhu."

"Usijali. Alikunjwa magoti. Maishani hakuwahi kumpigia mtu magoti, acha aanzie huko."

Akaniambia nivute kigoda, nichambue na mimi. Kinanda, alisema, kilikuwa kama kabati la vyombo lenye meno. Chini kilikuwa na vibao viwili vya kukanyaga, na ndani mivukuto ya ngozi kama ya mhunzi. Nilichora huku akinisahihisha kwa maneno: meno mapana zaidi, miguu minene zaidi. Kisha akauliza kwa nini kamati inataka kujua.

"Wanataka nimchonge mmisionari, pamoja na babu zao waliokibeba."

"Babu za nani?"

Nikaanza kumtajia koo. Nilipofika ya saba alikuwa anacheka. Ya kumi na mbili, akakohoa mpaka nikaweka karatasi chini na kumpiga mgongoni.

"Sikia," alisema alipopata pumzi. "Mama yangu alikuwanga anatuambia hii kila tukilia kwamba mtungi ni mzito. Wanaume walikodishwa Kisumu, ndio. Wakabeba mpaka mto Yala. Pale kwenye mawe mmoja akateleza, sanduku likainama, ile mivukuto ikavuta hewa, kinanda kikalia. Peke yake! Kama ng'ombe anayezaa. Wakakitupa ukingoni, wakaingia kichakani wote. Mzungu anaita, hakuna mtu."

"Wote?"

"Yule kiongozi wao ndiye alikuwa wa kwanza. Kofia aliyopewa ilianguka majini. Mama aliiokota. Tumepimia maharagwe na hiyo kofia mpaka ikatoboka."

Mama yake, aliendelea, alikuwa ameolewa karibuni, na siku hiyo alikuwa akirudi kutoka sokoni na wanawake wenzake watatu. Wakamkuta mzungu amekaa juu ya jiwe na mwavuli wake, karibu kulia. Mama akauliza kwa ishara kuna nini ndani ya sanduku. Mzungu akafungua, akakanyaga kibao, akabonyeza jino, likalia. Mama naye akabonyeza. Alikuwa binti wa mhunzi. Akachungulia, akaona mivukuto, akawaambia wenzake, "Hiki ni kitu cha upepo tu, kama cha baba." Wakatia miti mabegani. Siku mbili walitembea nacho.

"Na wanaume?"

"Walikuwa wanafuata, ndani ya majani. Mzigo ulipokaribia hapa, watu walipoanza kutokea kutazama, wakatoka mbio wakachukua miti." Akapepeta maharagwe, maganda yakaruka. "Kwa hiyo hao wajukuu hawadanganyi. Babu zao walibeba. Hatua kama mia hivi."

Nikamuuliza kwa nini hakulisema jambo hili miaka yote.

"Nilisema. Kwenye kamati ya kwanza ya hii jubilii walinialika, nikasimama, nikasema lote. Muulize katibu aliandika nini."

Nilikwenda kumuuliza katibu. Akafungua faili, akanisomea: "Mama mmoja mzee alichangia."

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo niliongozwa na haki. Ukweli ni kwamba wanawake wanne ni rahisi kuchonga kuliko wanaume kumi na tisa wanaosukumana kwenye miti miwili. Na lile neno la kichwa na mikono lilikuwa bado linanikereketa kooni. Nilifuta mkaa, nikachora upya.

Katika kazi hii, kina ndicho kinachosema. Anayehusika unamwacha atoke mbele kabisa, ubao mzima; asiyehusika unamkwaruza juu juu. Wale wanawake wanne niliwapa unene wote wa msaji. Nilichonga mabega kwa wiki nzima: mti ulivyokandamiza nyama, pedi ya majani ya mgomba chini yake, shingo iliyokaza. Mama yake Kukhu nilimweka mbele, na kwa kuwa sikuwa na picha yake, nilimpa kidevu cha Kukhu akichambua maharagwe. Misumari ya meli ilikuwa imeacha madoa yake meusi upande wa chini, nikapitisha mto papo hapo, na madoa yakawa mawe yenye utelezi. Mmisionari alikuwa jiweni na mwavuli wake, mdogo, magoti pamoja.

Wanaume niliwaweka wote. Pasipo ubaguzi. Mume wangu aliniletea kutoka msituni mmea utambaao wa mukombero, ule ambao wazee wetu hutafuna mizizi yake wakitaka kuwakumbusha wake zao ujana, na majani yake mapana yenye umbo la moyo yakajaza upande mzima wa juu. Ndani ya majani hayo, kwa kina kidogo kabisa, zikachungulia nyuso kumi na tisa. Kila mmoja nilimfananisha kwa bidii. Mrefu alikuwa mrefu. Wa jenezani nilimfumbua macho, tena nikayafanya makubwa, kwa kuwa alikuwa na sababu. Na mtoni, ikielea, niliweka kofia ya kizungu.

Wa kwanza kuiona kazi alikuwa pasta. Alikuja kuniombea, akasimama mbele ya ubao, mikono nyuma.

"Hawa kwenye majani wanafanya nini?"

"Wanatazama, pasta."

"Wanatazama," akarudia. Akatazama mabega ya wale wanawake, kisha nyuso, kisha kofia. Nikaona shavu lake linacheza. "Mama Fundi, mimi leo sikupita hapa." Alipofika barabarani alirudi hatua mbili. "Lakini siku yenyewe nitahakikisha Kukhu ameletwa."

Mwenyekiti alikuja siku tatu kabla ya jubilii kukagua. Nilivuta shuka, akaweka miwani, akasogea. Nilisubiri ngurumo. Nikasikia, "Mmoja, wawili, watatu..." Alikuwa anahesabu. Alihesabu babu wote kwa kidole, akafika kumi na tisa, akapumua.

"Wametimia."

"Wote, mwalimu."

"Na majani haya ni msitu wetu wa Kakamega. Vizuri sana. Na hawa akina mama?"

"Wanasaidia kidogo."

"Vizuri, siku hizi jinsia lazima." Akarudi nyuma, uso ukakunjamana. "Kofia ya babu mbona iko kwenye maji?"

Sijui jibu lilitoka wapi. Sikulipanga, na nina hakika si Roho aliyenipa. "Ni ishara ya ubatizo, mwalimu."

Akatoa kijitabu mfukoni akaandika.

Jumapili ya jubilii walijaa mpaka nje, kwenye hema na viti vya plastiki. Kukhu aliletwa kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mjukuu wake wa kike ili asianguke, akashuka amekasirika kwamba walimwendesha polepole. Kamati ilikaa mbele na maua vifuani. Shuka likavutwa, watu wakapiga vigelegele, na kwa dakika kama tano hakuna aliyeuona mchongo hata kidogo. Kila mmoja alikuwa anamtafuta babu yake. "Yule pale!" "Pua yetu hiyo!" Walipigana picha wamesimama chini ya majani ya mukombero, wamenyoosha vidole. Wanawake, upande wao, walikuwa wanatazama mabega.

Mwenyekiti alihutubia. Alisema kuhusu meli iliyoleta nuru. Alisema kuhusu wazee wetu walioubeba mzigo wa Injili. Kisha akafika kwenye kofia, na akaeleza, kwa sauti iliyotetemeka, namna babu yake alivyoishusha fahari ya dunia ndani ya maji ya ubatizo. Watu walisema amina. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, na nilijifanya naokota kitu chini.

Ndipo pasta akasimama, akasema kwa unyenyekevu kwamba mkubwa wetu kwa umri aje aguse kazi hii na kuibariki.

Kukhu alifikishwa ukutani. Akaweka mkono kwenye ubao na kupapasa taratibu: mti, pedi ya majani, bega. Hapo kwenye bega mkono ukasimama. Akarudia kulipapasa mara mbili. "Huyu ni mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Kisha mkono ukapanda juu, kwenye majani. Ukagusa pua, ukagusa paji la uso, ukagusa pua nyingine. "Ee! Na hawa wamewekwa?" Akatugeukia. "Walijificha namna hii hii! Ndivyo kabisa! Na kofia iko?"

"Iko, Kukhu," pasta akasema. "Iko mtoni."

"Hiyo tulipimia maharagwe."

Kicheko kilianzia kwenye benchi la akina mama, pale nyuma, kikaja kama mvua inavyokuja kwenye mabati, kutoka mbali. Waliokuwa wakipigana picha chini ya majani wakashusha vidole. Mwenyekiti akashika kipaza sauti. "Kukhu amechoka. Mpeni soda."

"Sijachoka," Kukhu akajibu bila kipaza sauti, na wa nje kwenye hema walisikia. "Nimebeba nini mimi? Labda waliochoka ni hawa kwenye majani."

Kamati ilikutana Jumatatu asubuhi, jambo ambalo hata kwa vifo halikuwahi kutokea. Niliitwa. Waliniuliza kama naweza kuirudisha kofia kichwani. Niliwaeleza kwamba katika kuchonga unaondoa tu, huongezi. Ubao ukishatoka umetoka. Wakanong'onezana. Kisha katibu, bila kuniangalia, akauliza kama basi naweza kuondoa. Wale akina mama, ikiwa ningewapunguza vifua, na kuwafupisha nywele, si wangekuwa wapagazi wa kawaida?

Nilimwangalia pasta. Pasta, aliyekuwa amepata kiti siku hizo, alisema kwamba kwa bahati mbaya kanisa limefungwa. Akina mama wanaofagia walikuwa wamechukua funguo, zote mbili, na hawakusema watarudisha lini. Wakati wa ibada wanafungua, wakati wa kamati hawafungui.

Mwenyekiti hakunisalimia msimu mzima wa mahindi. Alikuwa akipita mbele ya karakana amegeuza uso kutazama ng'ambo, ambako hakuna kitu ila choo cha jirani. Kisha wageni wakaanza kuja kuiona picha, wengine wakitoka Isecheno na mume wangu, na mtu wa kuwaeleza akahitajika mwenye Kiingereza kirefu. Siku moja niliingia kanisani kupaka mafuta ubao nikamkuta mbele ya kundi, fimbo mkononi, akionyesha majani. "Babu zetu," alikuwa anasema, "walikuwa na hekima ya pekee. Walijitenga kidogo, ili akina mama wapate heshima hiyo." Aliponiona, akanisalimia.

Akina mama ndio walionirudishia kazi. Walitaka majina ya wale wanne yachongwe chini, kwenye ukingo niliouacha mtupu. Nilikwenda kwa Kukhu, ambaye alikumbuka la mama yake na la mwanamke aliyekuwa nyuma yake. Mengine mawili yalikuwa yameshapotea. Nikachonga hayo mawili, nikaacha nafasi mbili tupu kando yake, na nikafikiri nimemaliza.

Kufikia Ijumaa, familia kumi na moja zilikuwa zimekuja karakana. Nyingi zilikuwa zile zile. Sasa ilikuwa ni bibi. Bibi alikuwa na nguvu ajabu, bibi alikuwa hapiti mto bila kuuliza mzigo wa mtu. Mwenye picha ya kitambulisho alinijulisha kwamba anafanana pia na bibi yake. Jogoo wa safari hii alikuwa mdogo, lakini alikuwa na mwenzake. Nilimrudisha kila mtu na jogoo wake, na nilijisikia safi kama maji ya kisima, mpaka jioni mama yangu alipopiga simu kutoka kwao Khwisero.

"Nimesikia kuna nafasi mbili," alisema.

"Mama, tafadhali."

"Mimi sisemi kitu. Nasema tu nyanya yako alikuwa mwanamke wa mabega."

"Nyanya alizaliwa Khwisero, akaolewa Khwisero, akafa Khwisero. Huku hakuwahi kufika."

"Wewe ulikuwepo? Sokoni walikuwanga wanaenda mbali. Na yule mzungu, kwani alikuwa anajua njia? Angeweza kupitia popote."

Nilimwambia ninanoa patasi, mikono ina mafuta. Na kweli nilikuwa ninanoa. Ubao ulikuwa ukutani, ufunguo uko kwa akina mama ambao wangenipa bila kuuliza, na jina la nyanya yangu ni fupi, herufi tano tu. Msaji au si msaji, ni kazi ya asubuhi moja. Nilikaa na patasi hiyo mapajani kwa muda ambao sitautaja. Kisha nikaenda kumalizia kitanda cha watu.

Mama bado amenuna. Kila nikienda Khwisero hunipikia vizuri, hunipakulia nyama ya juu, na kabla sijameza tonge la kwanza huuliza, kama anayeuliza hali ya hewa, kama nafasi zile bado ziko wazi.